Hakimu Haimbi

Baba yake alikuwa dalali wa mnada, tena si dalali wa kubabaisha. Angeweza kusimamisha kabati lenye mlango mmoja mbele ya umati usiohitaji kabati, na baada ya muda mfupi watu wakawa wanasukumana kulipigania. Wengine walifika mnadani bila nia ya kununua kitu, wamekuja kumsikiliza tu, wakaondoka wamebeba viti vichwani. Mtaani walimwita Cherehani, kwa jinsi maneno yalivyomtoka mfululizo bila kituo. Binti yake wa pekee walimwita Kimya.

Si kwamba hakuwa na la kusema. Alikuwa nayo mengi, ila yalimkwama. B ilimkwama, K ilimkwama, P ndiyo usiseme. Neno lilifika mdomoni likagoma kutoka, yeye akabaki shingo imemkaza na macho yamemtoka, na watu wakaanza kutazama viatu vyao kwa huruma. Baba yake hakuweza kustahimili. Alimpenda mtoto huyo kupita kiasi, na katika kazi yake ukimya ni biashara iliyokufa. Kwa hiyo neno likikwama tu, alilimalizia yeye.

Siku moja, Kimya akiwa bado mdogo, alikuja mbio kutoka uani kuomba ruhusa akacheze kwa jirani.

"Mzee, nataka ku-ku-ku..."

"Kulala!" baba akamalizia. Akambeba, akamlaza, akamfunika shuka na kufunga pazia, jua bado likiwaka nje.

Mama yake alikuwa mkunga, mtu aliyezoea kusubiri mambo yatoke kwa wakati wake. Aliporudi kutoka kazini alimkuta mtoto kitandani analia kwa hasira.

"Mwanao hana usingizi," alimwambia mumewe. "Ungemwacha amalize."

"Amalize lini? Kesho?"

Kimya alipokua alijifunza ujanja. Neno likiwa gumu, unalizunguka. Dukani alitaka kalamu ya bluu lakini alinyoosha kidole akasema "hiyo nyeusi", kwa sababu nyeusi ilipita bila kelele, na kwa hivyo alisoma miaka yote akiandika kwa wino asioupenda. Akiulizwa anakaa wapi alitaja mtaa wa jirani, wenye jina jepesi. Walimu walimsifu kwamba ni mpole. Upole huo haukuwepo. Alikuwa mtu anayesema kila siku maneno asiyoyataka, na ndani alikuwa akichemka.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, alikuwa amefaulu vizuri, na Kemia ndiyo ilikuwa juu ya yote. Baba alilitangaza jambo hilo mtaa mzima kana kwamba analiuza.

"Mwanangu anakwenda maabara!" alisema. "Huko ni chupa na darubini. Hakuna wa kukuuliza neno."

Jioni, wakiwa mezani, Kimya aliwaambia masomo aliyochagua kwa kidato cha tano: Historia, Fasihi na Sanaa za Maonyesho.

Baba alicheka kwanza, akijua ni mzaha. Kisha akaona binti yake hacheki.

"Maonyesho? Haya maigizo ya kupanda jukwaani mbele za watu na kuzungumza?"

"Ndiyo."

"Wewe?"

"Mimi."

"Mama," alisema, maana ndivyo alivyomwita tangu alipompa jina la mama yake mzazi, "hii ni sawasawa na mimi kwenda kuomba kazi ya ububu."

"Kwenye tamthilia neno ha-halibadilishwi, Mzee. Likiandikwa bluu, lazima useme b-b-b..."

"Bluu."

"Unaona!" Kimya alisukuma sahani. "Hilo ndilo nililotaka kulisema mimi. Nimechoka ku-kusema maneno mengine. Nataka mtu aniandikie neno, anifungie mlango, nisiwe na pa-pa-pa kukimbilia."

Baba alifungua mdomo. Mama aliweka kijiko chini na kusema, "Mwache." Katika nyumba ile mama hakuwa msemaji, na alichokisema kilikuwa kimekwisha.

Darasa la Sanaa za Maonyesho lilikuwa chumba nyuma ya ukumbi wa shule, zamani stoo ya viti. Wanafunzi walikuwa sita tu. Mwalimu wao alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kujaza uwanja, aliyekuwa mwigizaji kabla ya kushika chaki. Alimpenda Kimya tangu wiki ya kwanza, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo, kwa sababu alimpenda kama baba yake alivyompenda. Wenzake walipogawiwa wahusika, Kimya aligawiwa taa na maleba. Alipanda ngazi akiwa na glavu za kuzuia moto wa taa, akabandika karatasi za rangi, akajifunza kutengeneza alfajiri kwa taa mbili na mazishi kwa taa moja. Insha zake kuhusu tamthilia walizosoma zilisomwa kwa sauti darasani, na wengine. Mwaka mzima alikuwa juu ya ngazi, na huko juu aliyakariri maneno ya wahusika wote.

Mwaka wa pili ulileta mtihani wa vitendo. Kundi zima lilipaswa kucheza tamthilia moja mbele ya mtahini kutoka nje, kwa muda usiozidi dakika arobaini. Mkizidisha muda huo, mtahini anaweka kalamu chini na kinachofuata hakihesabiki. Mwalimu alichagua tamthilia ya mji ambao mkuu wake amejenga ukuta na kuugeuza mto uingie shambani kwake. Watu wanamshtaki. Kesi inafika kwa hakimu, mwanamke mjane ambaye kila mtu, tangu mkuu hadi karani wa mahakama, anamtaka anyamaze. Mwishoni anatoa hukumu.

"Kimya, taa zitakuwa zako," mwalimu alisema akigawa nafasi. "Mtahini anapima taa pia, utapata alama nzuri sana."

"Nataka Hakimu."

Msichana mmoja waliyemwita Redio, mwenye sauti safi na aliyejua wazi kwamba Hakimu alikuwa wake, aligeuka polepole. Mwalimu alivua miwani.

"Mwanangu, wanapima matamshi. Wanapima ufasaha. Si mimi niliyepanga."

"Najua."

"Utapoteza alama."

"Ni zangu."

"Na wenzako je, tukipitiliza muda?"

Hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Redio hakumwacha apumue. "Mimi sina ubaya na wewe," alisema. "Lakini nataka alama ya juu. Sitaki kufelishwa na huruma."

"Na mimi sitaki hu-huruma," Kimya alimjibu. "Nipeni jaribio moja. Tucheze mbele ya wenzetu, saa ikiwa mezani. Tukizidi muda, nafasi ni yako na mimi na-narudi kwenye ngazi."

Wakakubaliana hivyo, wengine shingo upande.

Mazoezi yalikuwa magumu. Hukumu ya mwisho ilikuwa imejaa herufi za kumtesa, kana kwamba mwandishi alimkusudia yeye. Ilianza na "Bwana mkubwa" na kuishia na "Bomoa ukuta", na katikati palikuwa na baba, babu na kisima. Siku fulani alitumia muda mrefu kwenye neno moja hadi kijana aliyecheza mkuu wa mji, waliyemwita Mrefu, akasahau maneno yake mwenyewe.

Ndipo mwalimu akapata wazo. "Hebu iimbe," alisema. "Usiiseme. Iimbe kama wimbo wa maombolezo."

Kimya aliimba. Maneno yalitoka yote, moja baada ya jingine, hakuna lililogoma. "Bwana mkubwa" ilitiririka. "Bomoa ukuta" ilipaa hadi darini. Wenzake walipiga makofi na Mrefu akaruka juu. Mwalimu alifuta machozi kwa upindo wa mtandio. Kimya mwenyewe alisimama pale akiwa amepigwa na butwaa, kwa sababu tangu azaliwe hakuwahi kumaliza sentensi ndefu namna ile bila kuipigania. Alirudi nyumbani akiiimba njia nzima. Ilikuwa tamu, hilo hakuweza kulikana.

Kesho yake alifika mapema, akamsubiri mwalimu mlangoni.

"Siimbi."

"Kwa nini? Jana hukukwama hata herufi moja!"

"Hakimu ha-haimbi, Mwalimu. Huyu mwanamke anamwambia mkuu wa mji kwamba a-amewanyang'anya watu maji. Akiimba, watu watatikisa vichwa, waseme sauti nzuri. Ha-hawatamsikia."

"Na ukikwama watakusikia?"

"Watasubiri."

"Wakikuhurumia?"

"Hiyo ni shauri yao."

Mwalimu aligeuka mlangoni. "Unajua unachokitupa?"

"Najua. Niliki-k-kishika jana siku nzima."

Siku ya jaribio walialika wanafunzi wa mkondo wa sayansi, watu wasio na subira na maigizo, wakaketi juu ya meza wakitafuna penseli. Mrefu mwenyewe alikuwa amejitolea kukata nusu ya utetezi wa mkuu wa mji ili kuokoa muda, na kwa mtu aliyeipenda sauti yake kama yeye, hilo halikuwa jambo dogo. Ilipofika hukumu, Kimya alianza, na neno likagoma. Mrefu alikuwa amepiga magoti mbele yake akisubiri. Alisubiri. Wakulima waliokuwa nyuma yake walisubiri. Redio, aliyecheza karani, alishika kalamu hewani. Na kitu kikatokea ambacho hakuna aliyekipanga: Mrefu alianza kuogopa kweli. Aliona mbele yake mtu ambaye hataachia neno wala hatalibadilisha, na ambaye hakuna wa kumharakisha, na jasho likamtoka kwenye nywele. Wale wa sayansi waliacha kutafuna.

Walipomaliza, dakika arobaini zilikuwa bado hazijatimia. Wote walimgeukia Redio. Alichezea kalamu ya ukarani.

"Mimi ningeisema vizuri zaidi," alisema mwishowe. "Lakini nisingemtoa huyu jasho. Acheni hivi hivi."

Siku ya mtihani ukumbi ulijaa. Mtahini, mwanamume mwenye suti ya kijivu, aliketi katikati nyuma ya meza ndogo yenye taa. Wazazi walijipanga mbele yake. Cherehani alikuwa mstari wa pili, amevaa koti la harusi, mkewe pembeni. Nyumbani hakuwa ameambiwa binti yake anacheza nani, alijua tu kwamba "yumo". Kimya alipotokea amevaa joho jeusi, akaketi kwenye kiti cha hakimu, baba aliushika mkono wa mkewe kwa nguvu.

Sehemu ya kwanza Hakimu alizungumza kwa kifupi, na pale alipokwama watu walisogea kwenye viti vyao, wakakohoa, mtoto mmoja akauliza kwa sauti yule ana nini, akanyamazishwa. Cherehani midomo ilikuwa ikimcheza. Kila neno lilipogoma kule juu, yeye huku chini alikuwa akilisukuma kwa kidevu.

Ikafika hukumu. "B-b-bwana mkubwa," Hakimu alisema, "mto huu haukuzaliwa uani kwako. Uli-uli-ulimkuta b-babu yako hajajua kuchota." Aliendelea hivyo hivyo, akipanda kila neno kama mwamba, na ukumbi ukaanza kutulia. Mrefu alikuwa amepiga magoti. Likabaki agizo la mwisho, lile ambalo mji wote ulikuwa unalingojea.

Hakimu alisimama. "B..."

Halikutoka. Midomo ilifungana kabisa, hata pumzi haikupita. Shingo ilikaza. "B-b..."

Cherehani alishindwa. Miaka yote ya mnada na mapenzi ilimpandisha juu ya kiti. "Basi!" alipaza sauti, ile sauti ya kuuza makabati. "Basi!"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Basi! Mkuu wa mji ameachiwa huru na mtu wa mstari wa pili. Mtahini aliinua kichwa. Nyuma ya pazia mwalimu alijishika mashavu. Mrefu, akiwa bado magotini, hakujua kama asimame ashukuru au alie.

Kimya hakutoka ndani ya joho. Aligeuza kichwa polepole kuelekea gizani, akamtafuta baba yake, akamwona, akainua kiganja.

"Wewe wa mstari wa pili," alisema. "Ma-mahakama haijakuita."

Kicheko kilikatika.

"K-k-k..." Hakuharakisha. Kiganja kilikuwa bado juu, na Cherehani alikuwa amesimama wima mbele ya kiganja hicho, asijue pa kuweka mikono. Hakuna aliyekohoa. "K-kaa chini. Hukumu ni yangu."

Mama ndiye aliyemvuta koti. Akakaa.

Hakimu akamrudia mkuu wa mji na kuanza upya, kwa herufi ileile. Iligoma vilevile. Safari hii hakuna aliyetazama viatu vyake. Ukumbi mzima ulikuwa umeinama mbele, na yeye aliwaacha wainame. Hakuwaonea haya, hakutabasamu kuwaomba radhi. Alilishikilia lile neno hadi akalitoa lote.

"B-b-bomoa ukuta."

Taa zilizimika. Makofi yakaanza nyuma, kwa wale wa sayansi, yakaja mbele kama mvua juu ya mabati.

Nje, karibu na lango, baba yake alikuwa anamsubiri amekunja uso.

"Umenifukuza kama mlevi mnadani," alisema. "Mbele za watu."

"Ulisema 'basi', Mzee. U-ungemwachia huru mwizi wa mto."

"Nilidhani ndilo neno."

"Huwa unadhani." Kimya alikuwa bado na wanja wa jukwaani machoni, lakini sauti haikushuka. "Tangu nikiwa mtoto unadhani. Na mimi nala-nalazwa. Sasa sikiliza, na usi-usinisaidie. Sihitaji mtu wa ku-kunimalizia. Nina-k-k-kuhitaji unisubiri. Ukishindwa ku-kusubiri, ondoka, nitaongea na mama."

Wazazi wengine walikuwa wakipita na kujifanya hawasikii. Cherehani alitazama huku na huku, kisha mkewe. Hakupata msaada huko. Wakarudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima dalali hakusema neno, jambo lililowafanya majirani wawili watoke nje kuuliza kama kuna msiba.

Mezani siku ile Kimya alianza kueleza jinsi Mrefu alivyokaribia kusimama. Alikwama kwenye "karibia". Baba alifungua mdomo. Mama alimtazama. Akanyakua kikombe cha maji, akajaza mdomo pomoni, akakaa hivyo, mashavu yamevimba, macho yamemtoka yeye sasa, hadi binti yake alipofika mwisho wa sentensi. Kisha akameza na kutoa pumzi ndefu kama mtu aliyeibuka kisimani.

"Kumbe ndivyo ilivyokwenda," alisema.

Hakubadilika kwa siku moja. Wiki hiyohiyo alimmalizia maneno mara nyingine, na kila mara Kimya alirudi mwanzo wa sentensi na kuianza upya, hata kama neno alilodhani baba yake lilikuwa ndilo. Ilikuwa vita ndefu, na baba ndiye aliyechoka kwanza.

Matokeo yalipotoka, Redio na Mrefu walipata alama ya juu kabisa. Kimya alipata ya wastani. Katika uigizaji walimpa nyingi, katika ufasaha wakampa karibu na sufuri. Mkuu wa shule alimshauri ashukuru. Yeye alipanda hadi ofisi za baraza la mitihani, akasimama dirishani kwa karani.

"Andika malalamiko yako hapa," karani alisema akimsogezea karatasi.

"Nitayasema."

"Dada, kuna foleni."

"Naiona."

Akayasema yote, tangu mwanzo hadi mwisho. Foleni ilinung'unika, kisha ikasikiliza, na mzee mmoja aliyekuwa nyuma akamwambia karani asimkatize. Alama haikubadilika hata nukta. Kimya alitoka pale amekasirika kweli, na hakutaka mtu amwambie kwamba cha muhimu ni kujaribu. Walikuwa wamekosea, na alikusudia kuendelea kuwaambia hivyo.

Chuo cha kwanza cha sanaa alichoomba kilimkataa. Cha pili kilimwita kwenye usaili. Watu watatu walikuwa nyuma ya meza, na alipofika katikati ya kipande chake mmoja alisema kwa upole, "Asante, inatosha."

"Sijamaliza," Kimya alisema, akaendelea. Walitazamana, wakaweka kalamu chini, wakamsikiliza hadi mwisho, na walipoitana pembeni walibishana kwa muda mrefu kuliko walivyobishana juu ya mtu mwingine yeyote. Wakampokea.

Muhula wa kwanza alipewa nafasi ya mjakazi mwenye sentensi mbili. Asubuhi iliyofuata, kabla ya mazoezi, alikuwa amekaa kwenye ngazi za ofisi ya mwongozaji, anamsubiri afungue mlango.